Barua ya Meng'oru

Kama hujawahi kumwona mwanaume wa miaka arobaini na mbili akiua watu kumi na mmoja huku mbele yake kuna kikombe cha chai ya maziwa, basi Jumapili zako unazipoteza bure. Ungefika Olasiti, nyuma ya bucha ya mzee Gerson, kuanzia saa nane mchana, watu wakishatoka ibada ya pili na kula. Ungekuta meza ya mbao yenye makovu ya visu na watu wanne wameiinamia. Ungemsikia Lengai akisema kwa utulivu, kama mtu anayeomba chumvi: "Nampiga chini ya kwapa. Hapo hakuna mfupa."

Na kweli hapo hakuna mfupa. Lengai alijua, maana kazi yake ni machinjioni. Kuchinja kwenyewe ni kazi ya shekhe, kama ilivyo desturi. Lakini kumwangusha dume la ng'ombe la kilo mia nne lililoshikwa na hasira, kulifunga miguu, kulilaza shingo ielekee panapotakiwa, na baadaye kulichuna ngozi bila kuitoboa, hiyo ilikuwa kazi ya Lengai, Mwarusha wa magharibi mwa Mlima Meru, mabega mapana, maneno machache.

Aliyewaletea mchezo alikuwa Nashipae, daktari wa mifugo, aliyeujua akiwa chuoni Morogoro. Usiniulize wasomi wa mifugo walikuwa wanafanya nini na mchezo wa mapanga na mazimwi. Ndivyo ilivyokuwa. Mmoja anakuwa msimulizi, na huyo alikuwa Nashipae. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, wanamwita mhusika, ambaye nguvu zake na udhaifu wake vimeandikwa kwenye karatasi. Msimulizi anasema: mbele yenu kuna lango na mbwa watatu. Wewe unasema mtu wako anafanya nini, unarusha dadu la pande ishirini, na dadu ndilo linaloamua kama ameua au ameuawa. Pale mezani dadu ndilo lilikuwa Mungu, mzee Gerson anisamehe, yeye ni mzee wa kanisa.

Mzee Gerson mwenyewe, Mmeru, mwenye bucha, alikuwa na mhusika mganga wa mitishamba, maana uchawi alisema hauchezi hata kwa mfano. Mchawi alikuwa wa Rodrick, Mchaga mwenye duka la dawa Njiro, mtu mwenye maneno mengi kuliko dawa alizonazo. Na Lengai alikuwa na Meng'oru, mpiganaji wa mkuki na sime. Huyo Meng'oru alikuwa anaua, jamani! Rodrick akiua, anasema "namchoma moto," basi. Lengai alikuambia sime limeingilia wapi, limegonga mbavu gani, limezungushwaje ili litoke, na yule mtu ameangukia upande upi. Mzee Gerson kuna siku aliomba kikao kisimame kidogo anywe maji.

Sasa kuna jambo la siku ya kwanza kabisa, miaka mitatu kabla ya haya. Nashipae aligawa karatasi zenye mistari: Nguvu, Wepesi, Akili, Uhai. Chini kabisa: Kusoma.

"Dunia ya mchezo huu ni ya zamani," akaeleza. "Si kila mtu anajua kusoma. Mganga na mchawi wanajua. Mpiganaji anaanza hajui. Anayetaka mpiganaji wake ajue, atoe pointi mbili za nguvu."

"Wangu hajui," Lengai akasema haraka. "Mkuki unasoma?"

Wakacheka wote, naye akacheka, lakini moyoni alihisi mtu amemtua gunia. Kwa sababu sheria ilikuwa hivi: mhusika asiyejua kusoma, karatasi haifiki mkononi mwa mchezaji wake. Nashipae alikuwa fundi wa barua na maandishi ya makaburini. Alizikunja akampa yule tu ambaye mtu wake anajua kusoma. Huyo anasoma kimoyomoyo, kisha anawaambia wenzake yaliyoandikwa. Anaweza kusema kweli, na anaweza kudanganya.

Na Lengai mwenyewe alikuwa hajui kusoma. Nakwambia hata herufi moja. Herufi alizijua kwa sura tu, kama unavyomjua jirani wa mtaa wa pili ambaye hamjawahi kusalimiana. Wenzake aliwaambia kamaliza darasa la saba. Alinunua miwani ya kusomea pale Soko Kuu, siyo ya kuvaa, ya kusahau nyumbani. "Aa, miwani nimeacha," basi Rodrick anamjazia karatasi. Alikariri kila kisanduku kwa mahali kilipo, na uhai wa Meng'oru aliuweka kwa vijiti alivyochora kwa penseli, akipigwa anafuta kijiti. Watu wakaona ni mbwembwe zake. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini huyu alikuwa ameuficha miaka thelathini na moja na amezaa watoto wanne.

Ungemtazama sikio la kushoto ungeanza kuelewa. Ndewe, ile nyama ya chini ya sikio, imechanika, vipande viwili vinaning'inia. Rodrick aliambiwa ni fisi. Mzee Gerson aliambiwa ni seng'enge. Ukweli ni kwamba akiwa na miaka kumi na mmoja, shule moja ya upande wa Kisongo, mwalimu alimsimamisha mbele ya darasa zima asome mstari ubaoni. Lengai akanyamaza. Mwalimu akapitisha kidole kwenye ile ndewe, ndewe ya kitoto ambayo bibi yake alikuwa ameitoboa mwaka mmoja nyuma, akamvuta hadi pua ikagusa chaki. "Soma!" Akavuta. "Soma!" Akavuta tena, na nyama ikaachia. Damu ikamwagika shingoni, darasa likapiga kelele. Kulikuwa na jiwe la kuzuia mlango. Lengai aliliokota akampiga nalo mwalimu mdomoni, na mwalimu alipoanguka akampiga tena pale pale. Pigo hilo la pili ndilo baya. Meno yalibaki sakafuni, na mtoto akakimbia, akaenda kuchunga ng'ombe nyikani, hakurudi shule tena.

Sikuambii haya umwonee huruma. Mwalimu yule hadi anakufa alikuwa anakunywa uji tu, na Lengai alilijua hilo, lilimsumbua. Ninakuambia ujue kwamba kila alipowekewa maandishi mbele ya watu, sikio liliwaka na mkono ukaanza kutafuta jiwe.

Kilichoharibu mambo ni Rodrick. Jumapili moja Nashipae alimpa mchawi wake barua iliyomhusu mgeni aliyelala kambini kwao. Barua ilisema: "Mgeni huyu ni ndugu. Mlindeni." Lakini mgeni alikuwa na pete ya dhahabu, na mchawi wa Rodrick aliitaka. Rodrick akakunja karatasi, akaweka uso wa msibani.

"Inasema mgeni ni jasusi. Auawe kabla hakujapambazuka."

Lengai hakuuliza mara mbili. Meng'oru akamshika mgeni nywele, akamvuta kichwa nyuma, akapitisha sime shingoni kutoka sikio hadi sikio, akamkandamiza na goti mpaka miguu ikaacha kupiga ardhi. Alisimulia yote hayo, na dadu likakubali. Nashipae akasema kwa sauti ndogo, "Kabla hajakata roho mgeni anauliza: kwani hamkusoma barua?"

Rodrick akaangua kicheko. Alicheka hadi akapiga meza. Lengai akainuka, akatoka mpaka kule zinakoanikwa ngozi, akakaa huko robo saa. Aliporudi alisema neno moja tu.

"Umenisomea uongo."

"Si mimi, chalii wangu! Ni mchawi wangu."

"Mdomo ulikuwa wako."

Kicheko kikaisha pale pale. Rodrick ni mtu wa mdomo, lakini si mtu mbaya, na maneno yale yalimwingia. Ndiyo maana siku ile hadithi ilipofika mahali pa zawadi, ambapo kila mchezaji anaruhusiwa kumpa mwenzake kitu, alisimama kabisa kama yuko kwenye harusi.

"Mimi zawadi yangu nampa Meng'oru. Afundishwe kusoma. Asidanganywe tena na mtu yeyote, hata mimi."

"Amina," akasema mzee Gerson, machozi yamemlenga. "Hilo ni jambo jema."

Nashipae akamgeukia Lengai.

"Kaka Lengai, mhusika ni wako. Ukikataa ni sawa tu."

"Akatae kwa nini?" Rodrick akadakia. "Nani anayepewa macho akakataa?"

Angesema nini? Angesema hapana, wangeuliza kwa nini. "Haya," akasema. Nashipae akaandika kwenye ule mstari wa chini kabisa, taratibu, kisha akasema barua ya kwanza Jumapili ijayo itakuwa ya Meng'oru.

Wiki ile Lengai hakuwa mtu. Alhamisi, machinjioni, aliletewa dume jeusi kutoka mnadani, akalifunga fundo ambalo hata mwanagenzi asingelifunga. Kichwani alikuwa anaona karatasi. Dume likalala, likavuta pumzi, likajua kamba imelegea. Likainuka kama nyumba inayong'oka, likapiga pembe upande, na pembe ikazama kwenye paja la mwenzake Ephraimu ikamnyanyua juu. Watu wakatawanyika. Lengai akalirukia dume shingoni, akashika pembe yenye damu ya Ephraimu, akaizungusha kwa uzito wake wote huku likimburuza kwenye sakafu ya saruji na kumsaga mgongo ukutani, mpaka magoti ya mbele yakakunjika na shekhe akawahi na kisu. Damu ikawafunika wote wawili, ya mnyama na ya mtu, huwezi kujua ipi ni ipi. Ephraimu alishonwa nyuzi kumi na tisa.

"Lengai, unaumwa?" shekhe akamuuliza.

"Siumwi, shekhe."

"Basi kuna kitu kinakuua."

Alifikiria kutokwenda Jumapili. Lakini nikwambie kiti kile kilikuwa nini kwake. Siku sita alikuwa mtu wa mabuti na damu, mtu ambaye wenye nguo nzuri wanamkwepa barabarani kwa harufu. Siku ya saba alikuwa Meng'oru, na mwenye duka la dawa na daktari na mzee wa kanisa walinyamaza akiongea. Wakijua hajui kusoma watamcheka. Au watamhurumia, na hilo alilichukia zaidi. Kwa vyovyote kiti hakitakuwa chake tena. Aliogopa, nasema wazi. Mtu anayerukia dume shingoni aliogopa bahasha.

Akaenda. "Shikamoo, mzee Gerson." "Marahaba, mwanangu." Chai ikamiminwa.

Hadithi ilikuwa imewafikisha mbele ya Ngome ya Chumvi, ambako mtawala katili anaficha mateka. Nashipae akatoa bahasha ya kaki iliyofungwa kwa rangi nyekundu ya kucha.

"Mjumbe anatoka gizani anakimbia," akasimulia. "Ana mshale mgongoni. Anaanguka miguuni pa Meng'oru, anamwekea hii mkononi, anamwambia: ni yako peke yako, usome kabla hujafungua lango. Anakufa."

Akaisukuma bahasha kuvuka meza. Ikasimama mbele ya kikombe cha Lengai.

"Haya, msomi!" Rodrick akasugua viganja. "Fungua tusikie. Leo nasomewa mimi."

"Miwani unayo?" mzee Gerson akauliza kwa upole, tena akavua yake. "Chukua hii."

Sikio likawaka. Lengai akaitazama ile miwani, akaitazama bahasha, akaona ubao na chaki.

"Meng'oru anaiweka mkandani," akasema. "Atasoma baadaye. Anafungua lango."

"Peke yake?" Rodrick akashtuka. "Subiri bwana, mchawi wangu hana hata moto leo!"

"Peke yake. Anafungua, analifunga nyuma yake."

Nashipae akaigonga bahasha kwa kidole. "Kaka Lengai. Mjumbe kasema asome kwanza."

"Nimesikia."

Basi likaanza. Ndani ya lango walikuwa wamesimama walinzi, mikuki mbele. Wa kwanza, Nashipae akasema, ameinua mkono, kiganja wazi.

"Nampiga," Lengai akasema, akarusha dadu. Kumi na tisa. "Mkuki unaingia chini ya kidevu unatokea utosini. Nauacha humo. Natoa sime."

Wa pili alikatwa mkono kwenye kiwiko, na kabla hajauangalia akakatwa shingo. Wa tatu na wa nne walikuja pamoja. Meng'oru akamchana mmoja tumbo, utumbo ukamwagika juu ya miguu yake, mwenzake akateleza juu yake, akaanguka, akavunjwa uti wa mgongo kwa kisigino. Lengai hakuwa anasimulia tena kama zamani, kwa ufundi. Alikuwa anasema kwa meno yaliyobana na jasho linamtoka, anarusha dadu kama anampiga nalo mtu.

"Wa tano," Nashipae akasema, "anashusha ngao. Anamtazama Meng'oru usoni kama mtu anayemfahamu."

"Anadanganya. Nampiga usoni hapo hapo anapotazamia."

Dadu likakubali. Mzee Gerson akafumba macho.

"Walinzi wanarudi nyuma," Nashipae akasema. "Meng'oru amepata nafasi ya kuvuta pumzi. Barua iko mkandani. Anaisoma?"

"Hapana. Anapiga."

Wa sita, wa saba. Meng'oru naye alikuwa analiwa. Mkuki ukampita begani, kisu kikamtoa jicho, Lengai akafuta vijiti vyake kwa kidole bila kuangalia. Wa nane alichinjwa akiwa amepiga magoti. Rodrick akapiga kelele, "Toka nje, wewe! Tuko hapa nje, tutakutibu! Unataka kufa?" Na hilo ndilo alilolitaka, ila Rodrick angejuaje? Meng'oru akifa, barua inakufa naye. Mtu aliyekufa haulizwi amesoma nini.

Wa tisa. Wa kumi. Wa kumi na moja alikuwa ametupa silaha anakimbilia ukutani, na Meng'oru akamfuata akichechemea, jicho moja, akambandika ukutani kwa sime hadi kwenye mpini.

"Barua," Nashipae akasema mara ya tatu. Alikuwa karibu kulia. "Kaka, nakuomba. Ua wa ngome umekuwa kimya. Afungue barua."

"Hapana," Lengai akasema. "Anageuka kuangalia nani anakuja."

Aliyekuja alikuwa mtawala mwenyewe, na shoka, na Meng'oru alikuwa amebakiza kijiti kimoja. Dadu likaanguka mbili. Shoka likaingia kwenye bega likashuka hadi kifuani. Lengai akafuta kijiti cha mwisho, akaweka mikono mezani, akashusha pumzi. Kwa nukta moja alikuwa mtu mwenye furaha.

"Miaka mitatu!" Rodrick akasema. Alikuwa na hasira ya kweli. Alimpenda Meng'oru kama walivyompenda wote pale mezani. "Miaka mitatu halafu unamuua kwa ubishi? Hebu tuone hiyo barua ilikuwa na nini cha kukushinda." Akanyoosha mkono akachukua bahasha. "Au nikusomee mimi?"

Neno lile. Lengai hakujua amesimamaje. Mkono wake ulimkamata Rodrick koo, ukamvuta juu ya meza, vikombe vikavunjika, na ngumi ikashuka puani. Mfupa ukalia. Akamgeuza, akamlaza chali juu ya meza ya nyama kama anavyolaza dume, goti kifuani, na mkono wa kulia ukapapasa mezani ukapata kipande cha kikombe. Ukakiinua. Rodrick alikuwa anakoroma damu.

"Lengai!" mzee Gerson akamkumbatia kutoka nyuma, mzee wa watu wa miaka sitini, akamng'ang'ania mkono. "Kwa jina la Yesu! Lengai! Unaua mtu!"

Lengai akaona mdomo wa Rodrick umejaa damu, akauona mdomo mwingine. Hili lingekuwa lile pigo la pili. Akaachia kipande. Akarudi nyuma hadi ukutani, anahema.

Bahasha ilikuwa imechanika katika purukushani. Karatasi ilikuwa mezani, imefunuka, ina matone mawili ya damu. Rodrick akajiinua, ameziba pua kwa shati, na huwezi kuamini, kitu cha kwanza alichofanya ni kuitazama. Akaigeuza. Akaigeuza tena juu chini.

"Hii ni nini?" akasema puani. "Hapa hakuna maneno."

Mzee Gerson akavaa miwani, akaitazama, akatikisa kichwa. "Hata mimi sisomi kitu. Naona vichwa vya ng'ombe na mstari wa kupinda tu."

Lengai akasogea. Akaiona.

Karatasi nzima haikuwa na herufi hata moja. Nashipae alikuwa amechora vichwa vya ng'ombe, na kila kichwa masikio yake yamekatwa alama, kama wafugaji wanavyokata ili mnyama wa boma moja ajulikane hata akichanganyika na elfu. Alama hizo Lengai alizisoma kabla hajaota meno ya ukubwani.

"Nilijua," Nashipae akasema, machozi yanamshuka. "Nilikuja kukagua machinjioni mwaka juzi. Kibali cha mifugo ulikishika juu chini. Na saa hiyo hiyo ukatazama lundo la vichwa sakafuni ukamwambia dalali: hawa watatu umeuziwa wa wizi, hili ni sikio la Oldonyosambu. Mimi na daftari langu nilikuwa sijui. Nikasema, siku Meng'oru akipewa kusoma, barua yake itakuwa hii. Wao wawili washindwe, usome wewe."

Damu ya Rodrick ilikuwa inadondoka sakafuni.

"Mimi herufi sijui," Lengai akasema. Ilimtoka tu, baada ya miaka thelathini na moja. "Hata moja. Mwalimu alinichana hili sikio kwa sababu hiyo." Kisha akaweka kidole kwenye karatasi. Akaanza kusoma mbele ya watu.

"Hapa nyuma kuna dume moja, masikio yote mawili yamekatwa hadi mzizini. Huyo ni mgeni, hana kwao, ndiye anayewaswaga wenzake kwa nguvu. Huku chini ni mto, na kuna upenyo, hapa hakuna mlinzi. Inasema tupite mtoni." Kidole kikapanda juu. "Na hawa wa mbele, langoni. Sikio la kushoto ncha imetolewa, chini kuna mkato mmoja. Hii..." Akasimama. "Hii ni alama ya boma la baba yangu. Umeipata wapi?"

"Nawachanja ng'ombe wa kaka yako kila mwaka."

"Walioko langoni ni wa kwetu," Lengai akasoma. "Wamelazimishwa. Usiwapige."

Akawahesabu kwa kidole, mmoja mmoja, ingawa alishajua. Walikuwa kumi na mmoja. Kidole kikarudi kwa yule wa tano, ambaye Nashipae alimchora mdogo kidogo kuliko wengine.

"Huyu aliyeshusha ngao," akauliza. "Alikuwa nani?"

Nashipae akainama kuokota vipande vya vikombe.

"Nashipae. Alikuwa nani?"

"Mdogo wake Meng'oru," akasema. "Tumbo moja."

Lengai akavuta kiti chake, akakaa. Akalia palepale mezani, mwanaume mzima, damu ya Rodrick mikononi, na Rodrick akakaa pembeni yake ameziba pua, na hakucheka.